Picha Ikae Muda wa Salamu

Hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama, andazi mkono wa kulia, na wa kushoto ukichora hewani kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Ukimpa kigoda alikipokea, akashukuru, akakiweka chini kwa adabu, kisha akasimama kando yake kama mtu anayemshikia mwenziwe nafasi. Kanisani alikuwa wa mlangoni. Msibani, ambako wanaume wa mtaa wetu hukaa kwenye mabenchi na kunyamaza, yeye alizunguka turubai akikaza kamba ambazo hazikulegea.

Mtaani kwetu Chang'ombe, pale Dodoma, tulimwita Mchora Ramani. Sitampa jina lingine hapa. Mwenyewe hakupenda jina lake liandikwe popote, hata chini ya kazi zake.

Ramani alizichora kweli, zamani, katika ofisi iliyoupanga mji kabla mji haujajengwa. Kisha soko likafunguliwa, bidhaa zikaingia kutoka kila upande, ofisi zikaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Alikuwa na uchungu wake juu ya neno hilo lakini aliuchekea. "Mimi si mstaafu," alisema. "Mimi ni mpunguzwa. Nilikuwa mrefu kuliko hivi."

Kulikuwa na barabara aliyoichora yeye. Alipenda kuwapeleka watu kuiona. "Miti pande zote mbili," angesema akitembea mbele yako kwa haraka, "na njia ya baiskeli, watoto wasigongwe." Ukifika unakuta korongo, mchanga mwekundu na mbuzi wa watu. Yeye anasimama ukingoni, anakuonyesha mti mmoja mmoja kwa kidole, na ukikaa naye vya kutosha unaanza kukwepa baiskeli.

Alikuja kwangu kwa sababu ya mashine. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari karibu na stendi: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga laminesheni vyeti vya watu. Hapo nilifika kwa njia ndefu. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi niliyekuwa mkubwa nikaacha shule kidato cha pili, nikauza vitumbua, nikafua nguo za watu, mpaka siku mwenye steshenari aliponiuliza kama najua kusoma maandishi mabaya. Nyuma yangu walikuwa wawili, Daudi na Tatu. Tatu alikuwa wa kubebwa mgongoni mama alipofariki.

Mchora Ramani alikuwa jirani wa ukuta mmoja nasi, na alisikia jinsi ninavyowapigia kelele wale wadogo. Kwa hiyo aliniita Spika.

"Spika, bunge limetulia?"

"Limetulia, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mheshimiwa Daudi amekula, au amesusia kikao?"

"Amesusia. Anasema mlenda kila siku."

"Mwambie hoja yake imepokelewa, na mlenda unaendelea."

Siku hiyo ya kwanza dukani alileta karatasi za ramani zilizoviringishwa, zile zinazopitisha mwanga. Nilidhani ni viwanja. Nilipozitandaza kwenye mashine ya kuskani nikaona watu. Mwanamke anapepeta uwele. Wauza zabibu wa stendi wakikimbilia dirisha la basi. Mtu amezama hadi kiunoni kwenye mchanga wa mto mkavu, anachimba maji. Na kwenye pembe ya kila picha, mshale mdogo wenye herufi ya kaskazini.

"Mzee, hata mbuzi ana kaskazini?"

"Kila kitu kina kaskazini, Spika. Mbuzi anajua yake kuliko wewe."

Huo mshale ndio uliokuwa badala ya jina lake.

Baadaye alinunua kompyuta ya mtumba, ile ya kichogo, nzito kama mawe ya jikoni. Aliiweka juu ya kreti, na kreti juu ya meza, ili aichoree akiwa amesimama. Karatasi akaziacha. Alichora kwa mausi, nukta kwa nukta, akienda mlangoni na kurudi, akienda mlangoni na kurudi, mpaka sakafu ya chumba chake ikafanya njia. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki na watoto wake walikuwa mbali, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia kaa. Mimi nilimwambia mara kwa mara. Alinijibu, "Nikikaa mkono unalala."

Sasa, picha umezichora, utamwonyesha nani? Dodoma ya wakati ule haikuwa na mahali ambapo mtu wa kawaida angeingia kutazama michoro. Kuta za hoteli zilikuwa na kalenda. Mchora Ramani akagundua kwamba kompyuta inaweza kuzipanga picha zipite zenyewe, moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita njiani. Sisi dukani tuliita slaidi. Tulizitengeneza kwa ajili ya harusi: bibi harusi anaingia akizunguka, mioyo inaanguka kama mvua, picha inajikunja kama karatasi. Alipoona hayo alishika kichwa.

"Picha haipinduliwi kama chapati, Spika."

Mtindo mmoja tu aliukubali: picha ya kwanza ififie polepole huku ya pili ikitokea ndani yake. Aliuita kuyeyuka. Alisema aliuona Kolo, kwenye yale mawe yenye michoro myekundu ya watu wa kale, mapema kuliko kompyuta yoyote. "Mmoja kachora mnyama, akaenda zake. Mwingine akaja akachora mtu juu ya yule mnyama, na mnyama bado anaonekana. Hakuna aliyefuta mwenzake." Tena alipenda kwamba hakuna aliyetia jina.

Na kila picha, kabla ya kuyeyuka, ikae muda wa salamu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuilegeza kwa mtu. Salamu za uwanda wetu si za kurusha. Mtu anasema mbukwa, unaitikia, anauliza za kwenu, za watoto, za mifugo, mvua kwenu vipi. Yeye alisimama mbele ya kompyuta, midomo ikitikisika, akiisalimia picha yake yote hayo na kujiitikia, na alipomaliza mvua ndipo alipobonyeza. Kompyuta ikaweka kumbukumbu ya muda huo. Alifanya hivyo kwa kila picha, hata ya mbuzi. "Mtu huwezi kumtazama usoni ukaondoka hujamsalimia. Kwa nini picha uifanyie hivyo?"

Onyesho lake la kwanza lilikuwa kwenye banda la video. Alimbembeleza mwenye banda amruhusu aweke sidi yake kabla ya filamu ya ngumi. Nilikwenda na Daudi, tukakaa kwenye benchi la mbele. Mwanamke wa uwele akatokea, akakaa. Akakaa. Vijana wakaanza.

"Kanda imekwama!"

"Ipige kofi hiyo deki!"

"Haijakwama," Mchora Ramani alipaza sauti akiwa amesimama nyuma. "Msalimieni."

"Shikamoo mama!" mmoja akapayuka, na banda zima likaangua kicheko. "Haya amesalimiwa, songesha!"

Alitoka kabla ya picha ya tatu. Nilimkuta nje akizunguka banda, mikono nyuma. Nilidhani amekasirika. "Umesikia?" aliniuliza. "Amemsalimia."

Huyo ndiye mtu. Alikuwa tayari kutukanwa na banda zima apate salamu moja. Lakini yeye mwenyewe, nalisema kwa kuwa nilimpenda, hakuwa na subira hata ya maji kuchemka. Foleni ya benki ilimshinda. Alikuwa na simu iliyomalizwa na maji kwa sababu aliichomoa kwenye mchele alioiweka ikauke, mara tatu kwa asubuhi moja, aone kama imewaka. Mvua ikichelewa, naye hakuwa na shamba, alitoka uani kutazama mawingu mpaka wenye mashamba wakamwonea huruma. Subira yote aliyokuwa nayo aliitia kwenye slaidi, yeye akabaki bila.

Mtandao ulipoenea, watu wakaanza kufungua kurasa zao na kurusha picha, alikuwa wa kwanza katika wazee wa mtaa. Mimi ndiye niliyegeuza slaidi zake ziwe video na kuzipandisha pale dukani, umeme ukiwapo. Mwanzoni walilaiki watu wachache. Mmoja wa Mwanza aliandika, "Mzee fupisha, bando ni ghali." Akamjibu, kwa kidole kimoja, kwa saa nzima ya watu kusubiri kompyuta: "Salamu hailipiwi."

Kisha akamuua Mama Maziwa.

Mama Maziwa alikuwa jirani yetu mwingine, mwanamke wa sauti kubwa na ndoo mbili za njano, aliyetuuzia maziwa asubuhi huku akitusema. Mchora Ramani alimchora kwa miezi: akimimina, akicheka, akimkemea ng'ombe, akijifunga upya kanga. Watu wa dukani walikuwa wamemwambia kwamba slaidi bila wimbo ni ugali bila mboga, naye, baada ya kubisha sana, akatia kwaya ambayo Mama Maziwa mwenyewe alikuwa akiiimba njiani. Wimbo wa taratibu. Picha za taratibu. Uso wa mama unafifia, unakuja mwingine, unafifia. Tukapandisha. Mama Maziwa hakuwa na habari. Alikuwa amekwenda Chemba mnadani kutazama ndama.

Kesho yake kabla ya adhuhuri kulikuwa na turubai mlangoni kwake.

Mtu fulani Dar es Salaam aliiona akapiga simu kwa mtu wa Area C, huyo akapiga kwa mwenyekiti wa kina mama, na kina mama wa mtaa wetu hawasubiri kuambiwa mara mbili. Kuni zikaja, sufuria zikaja, maharage yakabandikwa. Kwaya ya kanisani kwake ilikuwa imekwisha kujipanga. Simu yake haikupatikana, jambo ambalo kila mtu alilichukua kama uthibitisho. Naye akashuka kwenye basi la Chemba, kamba ya ndama mkononi na ndama nyuma yake, akaona watu wamejaa kwake, akaanza kulia kutoka mbali.

"Nani? Jamani niambieni, nani kafa kwangu?"

Kina mama waligeukia sufuria zao. Mwisho shoga yake mmoja, mwenye mwiko wa maharage, akasema, "Wewe."

Sijapata kuona mtu anakasirika hivyo kwa kuwa hai. Alimfuata Mchora Ramani mpaka kwake, ndama naye nyuma.

"Umeniua!"

"Nimeweka picha zako tu, mama."

"Taratibu vile? Na kwaya juu? Mtu mzima mwenye afya hapitishwi taratibu vile! Mtu aliye hai anapita!"

Maharage yaliliwa, kwa kuwa yalikuwa yameiva. Lakini Mama Maziwa alimnyima maziwa mpaka masika yakapita, na kila alipokutana naye njiani alisimama, akaweka ndoo chini, akajigusa kifua: "Nimefufuka. Unaniona, au nififie?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, ila jambo hilo lilimkaa. Alikuja dukani siku baada ya siku, akisimama kwenye kaunta yangu, akiinuka kwenye vidole na kushuka. "Kwa hiyo polepole tumeiacha kwa maiti," alisema. "Ukitaka watu wakutazame vizuri, ufe." Kwaya hakuiweka tena kwenye kazi yake yoyote. "Kwaya inaua," alisema.

Nimeacha makusudi jambo lililonifunga naye kuliko yote. Ni la mama yetu.

Picha yake ilikuwa moja, kwenye fremu, ukutani mwa chumba cha kwanza tulichopanga baada ya msiba. Ukuta ulikuwa wa tope, na mchwa wa Dodoma hawabishi hodi. Siku ya kuhamia Chang'ombe nilipoitungua, fremu ilikuwa imebaki ganda, na nyuma ya kioo kizima kulikuwa na udongo tu, umefuata umbo la kilichokuwapo. Tulihama hivyo. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumwona mama.

Mtu hujikumbuka kuwa yatima kwa vitu vidogo. Kwa Tatu ilikuwa salamu. Watu wakiagana na mtoto husema, "Haya, msalimie mama." Kwa Tatu walifika katikati ya neno, wakakumbuka, wakalimeza, wakasema, "Msalimie dada." Jioni aliniletea. "Dada, unasalimiwa na mwalimu." Nami nikajibu kama inavyojibiwa, "Zimefika," na kila mara nilihisi nimepokea mzigo wa mtu mwingine.

Nilimpa Tatu kila nilichoweza. Alipopata nafasi ya chuo cha uuguzi Mtwara nilishona sare zake mwenyewe. Alipokuwa anajaribu viatu aliniambia, bila kulalamika, kama anayetaja kitu kilichosahaulika sokoni, "Dada, wenzangu wote wana picha ya mama kwenye simu. Mimi hata sijui alikuwaje."

Nilivuka kwenda kwa Mchora Ramani jioni ileile. Nilimweleza. Alikwenda mlangoni akarudi.

"Nichoree uso wake kwa maneno."

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana mimi na Daudi hatukuwa na mama mmoja. Mama yangu mimi alikuwa na uso mwembamba, mifupa ya mashavu imesimama, macho makubwa. Mama wa Daudi alikuwa wa duara, na kishimo shavuni. Tuligombana kwa hilo tangu utotoni. "Wewe ulikuwa mdogo," nilimwambia. "Na wewe umesahau," alinijibu. Shangazi yetu wa Kolo alipopigiwa simu alisema, "Mama yenu alikuwa mzuri," basi, akauliza mvua.

Mchora Ramani hakuuliza mama alifanana na nani. Aliuliza vya fundi. Akicheka, jicho gani hufunga kwanza? Akifunga kilemba, sikio linaonekana? Alitutoa akatupeleka soko la Majengo, mimi na Daudi, watu wazima, tutafute pua.

"Ile?"

"Fupi."

"Ya yule wa nyanya?"

"Karibu," alisema Daudi. "Hapana," nilisema mimi.

"Mbona mnanikodolea?" akauliza wa nyanya.

"Tunatafuta pua, mama," alisema Mchora Ramani.

"Ya nani imepotea?"

Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu, na muda ndio hatukuwa nao. Tatu alikuwa anaondoka. Halafu nikaona kitu kingine. Mchora Ramani alikuwa amesogeza kreti. Pua yake ilikuwa karibu kugusa kioo. Aliuliza, "Hii ni kahawia au nyekundu?" na aliponiona namtazama akasema umeme ni mdogo. Nilimfuata siku moja nikaona anagonga ukingo wa mlango wake kwa bega, mlango aliouingia maelfu ya mara.

"Mzee, twende hospitali ya Mvumi wakakuone macho."

"Nikimaliza nyusi."

"Nyusi haitakimbia."

"Ndiyo inayokimbia, Spika. Leo naiona, kesho imehama."

Mtu mwingine angesema basi, na mimi nilijua nikisema basi Tatu angekosa uso. Nililala na hayo mawili, macho ya Mzee na uso wa mama, hayaelewani kifuani. Asubuhi nikamwambia kazi isimame mpaka aende hospitali, na kama hataki nitaichomoa kompyuta nikae nayo kwangu. Aliniita dikteta. Tulikwenda.

Kumbe alikuwa ameshakwenda peke yake, zaidi ya mara moja, miaka ya nyuma. Muuguzi alimkumbuka. "Huyu babu huchukua namba, halafu tukimwita hayupo." Alikuwa hawezi kukaa kwenye benchi. Hata siku ile, niligeuka kumnunulia maji, niliporudi nafasi yake ilikuwa tupu. Nilimkuta getini amechuchumaa, anachora mavumbini kwa kijiti: nyusi ya kushoto, ya kulia, anafuta, anarudia.

Nilikaa chini kando yake, nguo yangu nzuri na yote. "Mzee," nilimwambia, "wewe ndiye unayesema picha ikae watu waisalimie. Daktari naye anataka kuyasalimia macho yako. Kaa."

Alinitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linaona. Akacheka. Tulirudi kwenye benchi, nikamshika mkono wa shati kama nilivyokuwa nikimshika Daudi kanisani, mpaka tukaitwa. Daktari alimweleza kwa upole. Presha ya macho, imekaa sana. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki watajaribu kukilinda kwa dawa.

Alikubali. Dawa alitumia. Lakini tulipofika nyumbani hakuingia hata kunywa maji; alikwenda kwenye kreti.

Jumapili moja mchana, siku chache kabla ya Tatu kusafiri, alitugongea ukuta. Tuliingia chumbani kwake sote watatu. Alikuwa ametundika blanketi dirishani. Daudi alisimama, mimi nikasimama, Tatu akakaa kwenye kile kigoda kisicho na mwenyewe.

Picha ya kwanza ilikuwa mama yangu. Mwembamba, mashavu yamesimama, macho makubwa. Hakuna wimbo. Akakaa. Nilimsikia Daudi akivuta pumzi kubisha, nikamsikia Mchora Ramani nyuma yetu akinong'ona za kwenu, za watoto. Kisha mama akaanza kuyeyuka. Mifupa ya mashavu ikaanza kulainika. Macho yakarudi ndani ya uso kwa ukubwa wake. Shavu likajaa, polepole, polepole, na kishimo kikatokea.

Hapo katikati, kabla hajafika kwa Daudi, mimi na Daudi tulisema neno moja pamoja. Tulisema, "Mama."

Nilimuuguza mama yangu miezi yake yote ya mwisho. Daudi alikuwa amepelekwa Kolo kwa shangazi asione. Kila mmoja alibaki na uso aliomwacha nao. Nami nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha jirani, mchana, blanketi dirishani, namwona anapona.

Daudi alitoka nje. Tatu hakulia; alikuwa anatazama kama mtu anayesoma.

"Nilijaribu kuanza na wa Daudi," Mchora Ramani aliniambia baadaye uani, akizunguka ndoo. "Ukianza na wake, anaugua. Nikageuza."

Niliigeuza iwe video, nikaiweka kwenye simu ya Tatu, mshale wa kaskazini ukiwa pembeni, naye akapanda basi la Mtwara.

Nilimwona Mchora Ramani mara nyingi baada ya hapo, lakini ninayoirudia ni siku moja ya kiangazi. Lile jicho lililobaki nalo sasa lilikuwa linatofautisha mwanga na kivuli tu. Kompyuta alikuwa ameifunika kwa kitambaa. Nilimkuta barazani amesimama, bega kwenye nguzo, mguu mmoja ukigonga sakafu.

"Spika, bunge limetulia?"

"Wabunge wote wako majimboni, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Una nini mkononi? Nasikia unabonyeza."

Nilimwambia Tatu ameirusha ile video kwenye ukurasa wake. Ameandika neno moja tu juu yake, Mama. Wenzake wa chuo wameiona, ambao hawajui lolote la kwetu. Nilitoa kigoda nikakiweka karibu naye, kwa mazoea.

"Soma," alisema.

"'Picha imekwama au ni simu yangu?'"

"Huyo mwache. Endelea."

"'Mama mrembo jamani.' Mwingine: 'Huo mshale wa nini?'"

"Hahaa. Endelea."

"'Kumbe umefanana naye hivi, Tatu! Ukienda likizo, msalimie sana mama.'"

Mguu wake uliacha kugonga.

"Ameandika hivyo?"

"Ameandika hivyo."

"Hawakumlilia?"

"Hakuna aliyemlilia, Mzee. Wote wanamsalimia."

"Naye Tatu? Amemwambia kwamba mama..."

Nilishuka na kidole mpaka kwenye jibu lake. Nililisoma kimya kwanza.

"Amejibu neno moja."

"Lipi?"

"'Zimefika.'"

Mchora Ramani alishusha mkono, akapapasa, akakipata kigoda, akakaa. Sikuwahi kumwona akikaa bila kushikwa mkono kabla ya siku ile. Alikaa ameelekeza uso uani, kwenye mwanga, na midomo yake ikaanza kutikisika. Niliijua. Mbukwa. Za kwenu. Za watoto. Za mifugo. Nikangoja mpaka afike kwenye mvua.

Alipomaliza alisimama.

"Ile nyusi ya kushoto," alisema, "bado haijaniridhisha."